SIKIO LA KUFA HALISIKII DAWA
Mshipa wa nane wa kichwa, kelele za mashine, na haki ya mfanyakazi



Kila kiwanda kina mzee wake ambaye vijana humsifu kwamba "amezoea". Mashine zikinguruma, mgeni huziba masikio kwa vidole, lakini mzee huyo hutembea katikati yake kana kwamba yuko shambani kwake jioni. Kijana anayeanza kazi huambiwa: "Vumilia mwezi mmoja tu, nawe utazoea kama mzee."

Nami niliambiwa hivyo nilipoingia katika chumba cha kufuma nguo, na baada ya miezi michache nilijiona nimezoea kweli. Maana ya neno hilo nilikuja kuijua siku nilipomtembelea mzee wetu nyumbani kwake baada ya kustaafu. Mjukuu wake alisimama mlangoni akamwita, "Babu, chakula tayari." Aliita mara tatu, mzee hakugeuka. Mkewe akaniambia kwa upole: "Mwanangu, ukitaka kusema naye mguse bega kwanza. Masikio yake yalibaki kiwandani."

Mzee yule hakuzoea kelele. Sikio halizoei kelele. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya sikio lake inayopokea sauti ilikuwa ikifa kidogo kidogo, na kilichokufa hakisumbuliwi tena na kitu. Ndiyo sababu tumeona ni vema katika toleo hili tueleze sikio linavyofanya kazi, na hasa ule mshipa unaolifunga sikio na ubongo. Mfanyakazi akikijua kitu chake, hatakubali kukiuza kwa bei ya kutupa.

MSHIPA WA NANE NI UPI?

Kutoka chini ya ubongo hutoka mishipa ya fahamu jozi 12, kila jozi mmoja kulia na mmoja kushoto. Waganga wameipa namba kuanzia mbele kwenda nyuma. Wa kwanza ni wa kunusa, wa pili ni wa kuona, wa saba ndio unaotuwezesha kucheka na kukunja uso. Wa nane ni mshipa wa sikio.

Neno "mshipa" lisitupoteze. Huu si mshipa wa damu. Ufananishe na waya mnene wa simu ambao ndani yake mna nyaya nyingi nyembamba, na katika kila wayo hupita habari kwa njia ya umeme mdogo sana. Mshipa wa nane kwa kweli ni nyaya mbili zilizofungwa pamoja. Upande mmoja una nyuzi zipatazo 30,000 na kazi yake ni kusikia. Upande wa pili una nyuzi zipatazo 20,000, na kazi yake ni kuuambia ubongo jinsi kichwa kinavyosimama, kinavyoinama na kinavyozunguka, ili mtu asianguke. Watu wengi hawajui kwamba sikio ndilo linalotusimamisha.

Mshipa wenyewe ni mfupi, kama sentimita mbili na nusu tu. Umefichwa ndani ya mfupa mgumu sana nyuma ya sikio, mfupa ambao waganga wa kale waliuita kwa jina la mwamba. Katika mfupa huo mna tundu dogo, na mshipa wa nane hupita humo bega kwa bega na ule wa saba wa uso. Jambo hili lina maana kwetu. Mtu akianguka kutoka juu ya paa au juu ya mti akapiga upande wa kichwa, mfupa huo waweza kupasuka. Hapo utaona damu au maji yakitoka sikioni, mtu haisikii sauti upande ule, anaona dunia inazunguka, na pengine uso umepinda upande mmoja. Ukiona hivyo usimwoshe sikio wala usilizibe kwa pamba. Mlaze bila kumsukasuka shingo, apelekwe hospitali upesi.

SAUTI INASAFIRIJE?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hewa hiyo huingia katika tundu la sikio na kugonga kiwambo, ambacho ni ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, urefu wake ni kama milimita 3. Vifupa hivi huupokea mtikisiko na kuusukuma ndani zaidi.

Huko ndani kuna kitu kilichojiviringa kama gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu, nacho si kikubwa kuliko punje ya njegere. Waganga hukiita koklea. Kingenyooshwa, urefu wake ungekuwa kama milimita 35. Ndani kimejaa maji, na ndani ya maji hayo zimepangwa chembe ndogo mno zenye vinywele juu yake. Mwaka 1851 mtaalamu wa Italia, Alfonso Corti, alizieleza chembe hizo baada ya kuzichungulia kwa darubini, na hata leo sehemu hiyo huitwa kwa jina lake.

Kikuku kikisukuma, maji hutikisika kama mawimbi, na vinywele huinama. Kila kinapoinama kinywele, chembe yake hutoa ishara, na uzi wa mshipa wa nane huichukua ishara hiyo hadi kwenye ubongo. Hapo ndipo tunaposema "nimesikia".

Chembe hizi hazikupangwa ovyo. Zimepangwa kama vibao vya marimba. Zilizo karibu na mlango wa koklea hupokea sauti nyembamba, kama filimbi, ndege na kilio cha mtoto. Zilizo mwisho kabisa, kwenye ncha, hupokea sauti nzito, kama ngoma kubwa na mngurumo wa lori. Georg von Békésy, aliyeonyesha jinsi wimbi linavyosafiri ndani ya koklea na kila sauti kupata mahali pake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Sasa shika hesabu hii. Katika sikio moja chembe zenye vinywele ni kama 15,000 tu. Kati ya hizo, kama 3,500 ndizo zinazoupa mshipa wa kusikia karibu habari yote. Nyingine kama 12,000 kazi yake ni kuikuza sauti ndogo. Jicho lina chembe za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100, lakini sikio limepewa elfu 15. Tena zote hutengenezwa kabla mtoto hajazaliwa, na iliyokufa haioti tena. Katika miaka ya 1980 wataalamu waligundua kwamba kuku akiharibiwa chembe za sikio, zinaota nyingine. Kuku amepewa bahati hiyo, binadamu hakupewa. Wahenga waliposema sikio la kufa halisikii dawa, walisema juu ya mtu mkaidi, lakini kwa mganga wa masikio maneno hayo ni kweli jinsi yalivyo.

UPANDE WA PILI: MIZANI YA MWILI

Jirani na ile konokono kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake, kama sakafu na kuta mbili zinazokutana pembeni mwa chumba. Nayo imejaa maji. Ukigeuza kichwa, maji hubaki nyuma kidogo na kuvisukuma vinywele vilivyomo. Hivyo ubongo hupata habari kwamba kichwa kimezunguka, na kimezunguka upande gani. Karibu na mifereji hiyo kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya chokaa vinavyokaa juu ya vinywele. Ukiinama, au gari likiondoka ghafla, vijiwe huvivuta vinywele, nawe unajua chini ni wapi na mbele ni wapi.

Fanya jaribio hili sasa hivi. Inua kidole mbele ya macho, ukitikise upesi kulia na kushoto, kichwa kimetulia. Kidole kinaonekana kama ukungu. Kisha kituliza kidole, utikise kichwa kwa kasi ile ile. Safari hii kidole kinaonekana wazi. Kwa nini? Kwa sababu mshipa wa nane unauambia ubongo kila kichwa kinapogeuka, na ubongo unayageuza macho upande wa pili kwa wakati ule ule. Bila mshipa huu usingeweza kusoma kibao huku ukitembea.

Watoto wanaojizungusha wanafahamu mambo ya maji haya. Mtoto akisimama ghafla, maji ya mifereji bado yanakwenda, naye huona nyumba inazunguka hadi yatulie. Mlevi naye anajua. Pombe huingia katika vile viungo vya mifereji na kubadilisha uzito wake, basi hata akilala kitandani kitanda kinapaa naye.

Robert Bárány, mganga wa Vienna, aliona kwamba akimmwagia mgonjwa maji ya moto kidogo au ya baridi sikioni, mgonjwa hushikwa na kizunguzungu na macho yake huchezacheza. Akatumia jambo hilo kupima kama upande wa mizani ni mzima. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zilimkuta akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi. Kwa hiyo ukisafishwa sikio kwa maji zahanati, omba maji yawe na joto la mwili.

Mtu hujisimamisha kwa vitu vitatu: mizani ya sikio, macho, na fahamu za miguu na viungo. Kimoja kikiharibika, viwili hukisaidia. Ndiyo sababu mtu aliyeharibikiwa na mizani ya sikio huweza kutembea vizuri mchana. Lakini mtoe nje usiku, kwenye mteremko wenye matope, au mpandishe ngazi gizani, utaona anavyoyumba. Katika shamba la chai, juu ya paa la kiwanda au kando ya mkanda wa mashine, kuyumba huko kwaweza kumgharimu mtu maisha.

KELELE INAVYOUA

Fikiri juu ya majani mabichi kati ya mabanda ya wafanyakazi. Mtu mmoja akikatiza juu yake, majani huinama, kesho yanasimama. Wakikatiza watu kila siku, mwaka ukiisha pana njia ya udongo mtupu, na hata mvua ikinyesha majani hayaoti hapo tena.

Vinywele vya sikio ni hivyo hivyo. Baada ya zamu ya kwanza katika kelele, masikio huziba na kulia "nziiii". Asubuhi mambo yamekwisha, nawe unasema umepona. Siku nyingi wataalamu nao walidhani hivyo. Lakini mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya panya. Panya wale walipigiwa kelele, usikivu wao ukapungua, kisha ukarudi. Vinywele vilikuwa vizima. Lakini mahali ambapo nyuzi za mshipa hushikana na chembe, viungo vingi vilikuwa vimekatika, na baadaye nyuzi zenyewe zikafa polepole. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakichunguza jambo hilo katika binadamu pia. Kwetu sisi funzo ni moja: mlio wa sikio baada ya zamu si jambo la kuchekea. Ni sikio linalolalamika.

Kelele ya mashine huanza kula karibu na mlango wa konokono, kwenye sauti nyembamba, hasa zile za mitikisiko kama 4,000 kwa sekunde. Na katika maneno yetu, sauti nyembamba ndizo s, f, sh, t na k. Herufi a, o na u ni nzito kidogo, hizo hubaki. Basi mtu husikia sauti ya mwenzake lakini haelewi maneno. Nyapara akisema "shika", yeye anasikia "fika". Akiambiwa "sita", haelewi kama ni "sita" au "pita". Anaanza kusema watu wananong'ona makusudi. Mkewe anamwona ana kiburi, watoto wanachoka kurudia maneno, naye anaanza kukaa pembeni katika mikutano na sherehe. Haya yote hutokea huku akiwa bado anasikia ngoma na lori, ndiyo maana hakubali kwamba ni mgonjwa.

Wala jambo hili si geni duniani. Bernardino Ramazzini, mganga wa Italia aliyefariki mwaka 1714, aliandika juu ya mafundi wa shaba wa Venice waliokuwa wakigonga nyundo kutwa nzima hata wakawa viziwi uzeeni. Mwaka 1886 Thomas Barr alipima masikio ya mafundi 100 waliotengeneza matangi ya mvuke mjini Glasgow. Kati ya hao 100 hakumkuta hata mmoja mwenye usikivu mzima. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu hapo. Hakuna mwajiri leo anayeweza kusema hakujua.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Mashine nyingi za kufuma nguo hufika karibu 95 hadi 100. Msumeno wa injini hufika kama 110. Hesabu ya desibeli si ya kawaida: kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, na muda wa salama unakatika nusu. Wataalamu wengi hupanga hivi kwa sikio lisilo na kinga, kwa siku moja:

Desibeli 85 – saa 8
Desibeli 88 – saa 4
Desibeli 91 – saa 2
Desibeli 94 – saa 1
Desibeli 97 – nusu saa
Desibeli 100 – robo saa

Huna kipimo? Tumia kipimo cha bure. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili akusikie, kelele ya mahali hapo huenda imefika 85 au imepita.

MAADUI WENGINE WA MSHIPA HUU

Kelele haiko peke yake. Wengi wetu tunajua jinsi masikio yanavyovuma mtu anapotumia kwinini kwa malaria. Kwa kawaida uvumi huo huisha dawa ikiisha. Lakini zipo dawa ambazo madhara yake hubaki. Streptomaisini, dawa ya sindano ya kifua kikuu iliyogunduliwa mwaka 1943, iliokoa watu wengi sana, lakini iliharibu mizani ya baadhi yao. Jentamaisini na jamaa zake nazo zaweza kuharibu kusikia au mizani. Hatusemi mtu aache dawa. Kuacha dawa ya kifua kikuu ni kujiua. Tunasema mgonjwa amweleze mganga kwamba anafanya kazi penye kelele, na akianza kusikia mlio au kuyumba aseme siku ile ile.

Kadhalika kuna hewa na mivuke ya kiwandani. Tolyuni iliyomo katika tina ya rangi na gundi, na staireni ya viwanda vya plastiki, huingia katika damu kwa pumzi na kufika hata kwenye koklea. Moshi wa jenereta lililofungiwa ndani, wenye hewa ya kaboni monoksaidi, hulinyima sikio oksijeni. Mtu anayevuta mivuke hii huku yumo katika kelele hupata hasara kubwa kuliko mwenye adui mmoja.

Kwa watoto wetu, homa ya uti wa mgongo, surua na matubwitubwi vyaweza kuliua sikio la ndani. Chanjo ya surua ni kinga ya sikio pia.

UTAJUAJE KAMA UMEANZA KUDHURIKA?

1. Masikio yanalia au kuziba baada ya zamu.
2. Nyumbani unaongeza sauti ya redio kuliko wenzako wanavyotaka.
3. Unasikia sauti za wanaume kuliko za wanawake na watoto.
4. Unawaelewa watu mkiwa wawili, lakini penye watu wengi unapotea.
5. Unayumba gizani, au unapofumba macho ukioga.

Si kila uziwi ni wa mshipa. Nta iliyojaa, usaha, au kiwambo kilichotoboka vyaweza kumfanya mtu asisikie, na hivyo vina tiba. Jizibe sikio moja kwa kidole kisha vumisha "mmm" midomo imefungwa. Utasikia sauti imehamia kwenye sikio lililozibwa. Hivyo ndivyo uziwi wa mlango ulivyo: sauti huvumia upande mbovu. Lakini mtu aliyekufa mshipa au vinywele upande mmoja, sauti yake huvumia upande mzima. Mganga hufanya jambo hilo hilo kwa uma wa chuma unaolia, akiuweka katikati ya paji la uso. Jaribio la nyumbani halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali.

Uziwi wa kelele kwa kawaida huja masikio yote mawili. Ukiona sikio moja tu linapungua au linalia, au usikivu umekatika ghafla ndani ya siku moja au mbili, usingoje. Pengine ni uvimbe juu ya mshipa wenyewe, au ugonjwa ambao dawa yake hufaa ikianza mapema. Nenda hospitali mara moja.

TUDAI NINI?

Kwa kuwa kilichokufa hakifufuki, dawa yote iko kabla ya ugonjwa. Mkataba Na. 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, juu ya hewa chafu, kelele na mtikisiko kazini, umepanga mambo kwa utaratibu. Kwanza, kelele iondolewe kwenye mashine yenyewe. Pili, ikishindikana, kazi ipangwe upya. Vifaa vya kuvaa huja baada ya hapo, tena vitolewe na mwajiri. Mkataba unasema pia kwamba mfanyakazi apimwe afya bila kulipa, na kwamba wafanyakazi au wawakilishi wao wana haki ya kutoa mapendekezo na kupewa habari na mafunzo.

Jirani zetu wa Kenya wana kanuni za kelele kazini za mwaka 2005. Zinakataza mfanyakazi kukaa katika wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8, na kelele ikizidi 85 mwajiri hutakiwa awe na mpango wa kulinda masikio. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayotambua wawakilishi na kamati za usalama. Basi kamati hizo zisiwe za jina tu. Katika mkutano ujao na mwajiri tuweke mezani haya:

1. Kelele ipimwe katika kila chumba, na namba zibandikwe ukutani kwa lugha tunayoisoma.
2. Mashine zitunzwe. Beringi kavu, bati lililolegea na ekzosi iliyotoboka ni kelele ya bure. Mpira uwekwe chini ya mashine inayotikisika, na jenereta lijengewe banda lake mbali na watu.
3. Watu wapokezane, asikae mtu mmoja penye kelele kubwa zamu nzima, na chakula kiliwe mahali penye kimya.
4. Kila mfanyakazi apimwe masikio siku anapoajiriwa na kila mwaka, bila kukatwa mshahara. Apimwe kabla ya zamu, masikio yakiwa yamepumzika usiku kucha, na apewe nakala ya karatasi yake.
5. Vitolewe vizibo au vifunika masikio vya kweli, kila mtu na vyake, na vikiharibika vibadilishwe.

Juu ya vizibo tuseme zaidi, maana hapa hata sisi wenyewe tunakosea. Pamba ya kawaida haizuii kelele. Kizibo cha sponji husokotwa kwanza kwa vidole safi hadi kiwe chembamba. Kisha unapitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, unavuta sikio juu na nyuma, unakiingiza, na kukishikilia hadi kitanuke. Kikining'inia nje hakikusaidii. Na usikivue ovyo. Kizibo kinachopunguza desibeli 30, ukikivua nusu saa tu katika zamu ya saa 8, kinga yake ya siku hushuka hadi kama desibeli 12. Wengine husema, "Nikiziba sitasikia hatari." Katika kelele kubwa, mtu mwenye masikio mazima aliyeziba huweza kumsikia mwenzake vizuri sawa na asiyeziba, kwa kuwa sauti na kelele vyote hupungua pamoja. Kwa mambo ya hatari tudai taa za kuwaka na kuzimika.

Mwisho, tunza karatasi. Andika tarehe ulipoanza kazi, mashine uliyotumia, na siku uliyolalamika. Uziwi wa kelele hauachi kovu la kumwonyesha hakimu. Aliyekatwa kidole anaonekana. Aliyekatwa usikivu hana cha kuonyesha ila karatasi za vipimo. Bila kipimo cha siku ya kwanza, ni rahisi mwajiri kusema uliajiriwa ukiwa kiziwi, au kwamba ni uzee tu.

Ndugu, tunauza nguvu zetu kwa mshahara. Hatukuuza masikio. Siku ya kustaafu kila mmoja wetu ana haki ya kurudi nyumbani na kusikia mjukuu akimwita mlangoni. Kijana mpya akija kesho katika chumba chako, usimwambie "utazoea". Mwonyeshe jinsi ya kuvaa kizibo, kisha mlete kwenye mkutano wa chama.